Kinanda cha Shangazi: shajara ya kusitisha sauti na kupunguza mwendo wake

Jumanne, 1 Julai

Kazi hii inanidai tangu Ramadhani. Leo nimeona niifungulie daftari kabla sijasahau nilikoanzia.

Shangazi ana kaseti nne za Babu. Marehemu anaimba ndani yake utenzi alioutunga mwenyewe na ambao hakuwahi kuuandika, alikuwa nao kichwani tu. Aliyemrekodi ni Shangazi huyuhuyu, msichana wakati huo, kwa redio kaseti aliyoiweka juu ya mto ili isitikisike. Sasa anataka kuuandika wote, na hataki habari ya kompyuta: ni kalamu, herufi za Kiarabu, na daftari nene alilonunua Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wa Lamu.

Kaseti nimeshazihamishia kwenye kompyuta. Sauti ya njia moja, sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 22,050 kwa sekunde, MP3 ya kilobiti 32 kwa sekunde. (Hiyo 32 nilikuja kuijutia.)

Watu watatu tayari wameniuliza kwa nini nisimpe simu tu, maana simu zina programu za kupunguza mwendo. Ni kweli zinazo. Lakini nimekaa naye ukumbini nikamtazama anavyofanya kazi. Anasikiliza kipande, anaandika, neno moja linampita, anaweka kalamu chini, anapapasa kioo cha simu, kidole kinagusa pasipo pake, utenzi unaruka dakika nane mbele. Hapo anamlaani shetani na kumwita mjukuu.

“Mimi nataka kama cherehani,” akaniambia. “Nikikanyaga iende, nikiinua mguu isite. Mikono ina kazi, mwanangu.”

Basi nitamtengenezea kinanda chake, mashine ndogo ya kuchezea kaseti hizo, na nimeandika matakwa manne ukutani kwa penseli: pedali ya mguu, isite papo hapo, ikianza tena irudi nyuma kidogo, iweze kwenda polepole bila kumgeuza Babu sauti.

Ijumaa, 4 Julai

Nimeanza na kilichokuwamo drooni, DFPlayer Mini, kile kibao kidogo cha kuchezea MP3 chenye tundu la kadi ya kumbukumbu. Kuamrisha ni rahisi: baiti 10 kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, ya kwanza 0x7E na ya mwisho 0xEF (0x ni alama ya namba za msingi wa 16). Kusitisha ni 0x0E, kuendelea ni 0x0D. Inasita, inaendelea, na hapo ndipo ujuzi wake unapokoma. Mwendo haubadiliki, na huwezi kuiambia irudi nyuma sekunde mbili, kwa sababu faili inalisoma yenyewe na mimi niliye nje sijui imefika wapi. Kwa kengele ya dukani inatosha kabisa. Nimeirudisha drooni.

Kumbe ninachohitaji ni chipu ambayo mimi ndiye ninayeilisha, tonge kwa tonge. Nimeagiza kibao cha VS1053, chipu ya kufungua MP3 iwe sauti, kutoka maduka ya elektroniki ya Luthuli, Nairobi. Chipu yenyewe ni ya VLSI Solution ya Ufini.

Jumapili, 6 Julai

Mzigo umefika Mokowe, gati ya upande wa bara, jana usiku kwa basi, boti ya mwisho ilikuwa imeshaondoka. Nangoja.

Jumatano, 9 Julai

VS1053 ina milango miwili juu ya nyaya zilezile za SPI, yaani nyaya za kupitishia data kati ya chipu na chipu. Mmoja ni wa amri, unafunguliwa kwa pini ya XCS. Wa pili ni wa data, wa XDCS. Pembeni kuna pini ya DREQ, na hii ndiyo roho ya mambo yote: ikiwa juu, chipu inasema ina nafasi ya angalau baiti 32, ikiwa chini, ngoja. Mimi natumia ESP32, kompyuta ndogo ya chipu moja. Inasoma kadi, inatazama DREQ, inasukuma baiti 32, inatazama tena.

Nimepoteza saa mbili bure. Nikiisoma rejista (kijisanduku cha namba ndani ya chipu) ya STATUS, biti za toleo zinapaswa kunipa 4, na mimi napata 0, halafu 7, halafu 0 tena. Nikalaumu nyaya, nikalehemu upya pini zote, nikalaumu na muuzaji kimoyomoyo. Kosa lilikuwa langu. Chipu inaamka ikitumia kristali yake ya 12.288 MHz, na kusoma rejista hakutakiwi kuzidi moja ya saba ya hapo, yaani kama 1.75 MHz. Mimi nilikuwa nimeweka 4. Nimeshusha hadi 1 MHz, 4 ikaja bila ubishi. Kisha nikaandika 0x8800 kwenye rejista ya CLOCKF ili chipu ijiongezee kasi ndani, na baada ya hapo ndipo nikapandisha SPI.

Saa tatu usiku stima imekatika mtaa mzima. Kibao kilikuwa kwenye betri, nikaendelea kukaa gizani na spika za masikioni. Babu akaanza kuimba. Sikuandika kodi, yaani maagizo ya programu, tena usiku ule.

Jumamosi, 12 Julai

Leo mwendo. Nilitangulia kuona raha nilipokuta ndani ya chipu mna mahali panapoitwa playSpeed, anwani 0x1E04. Unaandika anwani hiyo kwenye rejista ya WRAMADDR, halafu thamani kwenye ile ya WRAM, umemaliza. Andika 2, utenzi unakwenda mara mbili. Andika 4, mara nne, mradi uweze kuilisha kwa kasi hiyo.

Raha haikufika adhuhuri. Kwanza, ni namba kamili tu: 0 na 1 zote ni mwendo wa kawaida, na nusu haipo. Pili, nilipoijaribu 2 nikasikia inafanyaje kazi: inafungua fremu zote (vipande vidogo ambavyo MP3 imegawanywa) lakini inacheza moja na kuacha moja. Fremu moja ya faili langu ni sampuli 576, kama milisekunde 26. Kwa hiyo Babu anasikika kama mtu anayeimba nyuma ya feni inayozunguka. Kutafutia beti inafaa sana, kusikilizia haifai. Nimeipa kitufe chake, “tafuta”.

Njia ya pili ni AUDATA. Rejista hii inabeba kasi ya sampuli, na ukiiandikia unambadilishia mfasiri wa sauti mwendo palepale. Kwa faili langu inasomeka 0x5622, yaani 22,050, na biti ya mwisho ikiwa sifuri kwa kuwa ni njia moja. Nikaandika 0x44E8, yaani 17,640, asilimia 80. Mwendo ukapungua sawasawa, maneno yakawa wazi, ila Babu akageuka zimwi. Sauti ilishuka karibu nusutoni nne. Nilimpelekea Shangazi asikie; alisikiliza kipande kimoja, akavua spika za masikioni, akazifuta kwa ncha ya leso.

“Huyu nani?”

Nikafuta mstari ule wa kodi. (Nao nilikuja kuurudisha, kwa sababu nyingine kabisa.)

Jumatatu, 14 Julai

Nimeacha mwendo kwanza, nimeshika kusita. Nilidhani ndiyo kazi ya dakika tano: mguu ukiinuka, acha kusukuma baiti. Si ndiyo?

Nimeinua mguu. Babu akaendelea kuimba. Akamaliza neno, akaingia neno la pili, ndipo akanyamaza.

Hapa nilikaa na kalamu kwa muda, na nilipolielewa jambo lenyewe nikaona ndio moyo wa mradi mzima. Ndani ya chipu mna akiba ya baiti 2048 ambako data inangojea zamu ya kufunguliwa. Mimi naiita birika, kwa sababu ni birika la msikitini hasa: aliyekuwa akiteka kisimani ameshaondoka na ndoo yake, na wewe uliyeko kwenye birika unaendelea kutawadha kwa maji aliyoyaacha. Kilobiti 32 kwa sekunde ni baiti 4000. Gawanya 2048 kwa 4000: nusu sekunde na ushei. Kwa mtu anayesikiliza muziki, nusu sekunde si kitu. Katika utenzi, ambao kila kipande kina mizani 8, nusu sekunde ya Babu ni mizani moja na zaidi, na Shangazi ameshainua mguu kwa sababu ameshapata anachokitaka. Mizani inayozidi inamfutia kile alichokishika kichwani.

Ajabu ni kwamba wimbo ukiwa na ubora mkubwa zaidi tatizo hupungua. MP3 ya kilobiti 128 inalimaliza birika lilelile kwa sekunde 0.128. Faili langu dogo la kubania nafasi ndilo linalonyamaza polepole.

Kwa hiyo kuna sehemu mbili ambazo nilikuwa nazichanganya: mahali faili lilipofika, na mahali sikio lilipofika. Faili daima liko mbele. Kusitisha vizuri ni kulifuata sikio.

Dawa niliyoiweka: mguu ukiinuka, nashusha sauti kwenye rejista ya VOL kwa hatua nane za harakaharaka mpaka 0xFEFE, ambayo ni kimya kitupu, kisha ndipo naacha kusukuma. Maji yaliyobaki birikani yanakwisha bila mtu kuyasikia. Mguu ukirudi, narudi nyuma kwenye faili kabla ya kuanza tena, hivyo kile kilichomwagika kimya kinapatikana upya.

Mara ya kwanza niliandika 0xFFFF badala ya 0xFEFE. Usifanye hivyo. 0xFFFF inazima umeme wa upande wa sauti wenyewe, na spika ikanipigia “pwa!” iliyomwamsha paka.

Alhamisi, 17 Julai

Kurudi nyuma. Nimeanza na sekunde mbili. Kwa kuwa faili lina idadi ileile ya biti kila sekunde, hesabu ni ya mtoto: sekunde mbili ni baiti 8000, toa, ruka hapo, sukuma.

Inafanya kazi, ila kila mwanzo una mkwaruzo. Sababu iko kwenye MP3 yenyewe. Fremu ya MP3 inaruhusiwa kuazima nafasi kutoka fremu zilizotangulia. Ukiangukia katikati ya faili, fremu ya kwanza unayoikuta inataka kitu kilichokaa nyuma yake ambacho wewe hukukileta. Kwa sampuli 22,050 deni hilo halizidi baiti 255. Basi narudi nyuma zaidi kidogo, nawacha fremu chache zipite sauti ikiwa bado imezimwa, halafu naipandisha. Mkwaruzo haupo tena.

Nimemfungia pedali. Ni ya cherehani ya umeme iliyoungua mota, fundi mmoja wa nguo Langoni amenipa bure kwa sharti nimtengenezee redio yake. Ndani nimetoa ule msongamano wa rezista nikaweka swichi ndogo ya kubofya. Swichi za namna hii huruka-ruka: mguu mmoja, migusano sita au saba ndani ya milisekunde chache, na ESP32 inaziona zote. Kodi inangoja milisekunde 25 ndipo iamini.

Jumamosi, 19 Julai

Jaribio la kwanza la kweli, kwa Shangazi, baada ya asri. Saa moja u nusu. Ameandika beti 11. Kwa simu alikuwa hafiki beti nne.

Malalamiko yake, kama alivyoyasema. “Sekunde mbili ndogo, mimi nataka nisikie kipande kizima, si mkia.” Nimepima vipande ishirini vya Babu kwenye kompyuta, vingi vinakaa karibu na sekunde tatu. Nimeweka tatu na robo.

Lalamiko la pili limenitia aibu. Anasema herufi za Babu zimeota ukungu. “Baba alikuwa akisema *t* ya meno ukaisikia meno. Hii siisikii.” Kiamu, lahaja ya Lamu, kina *t* mbili, na kina herufi za pumzi na zisizo na pumzi, na yeye ndizo anazozitega sikio kwa sababu kila moja anaiandika kwa namna yake. Nimerudi kwenye rekodi ghafi nikalinganisha. Yuko sawa. MP3 ya biti chache, ikikutana na mlipuko mfupi kama *t* au *k*, humwaga uchafu kidogo kabla ya mlipuko wenyewe, na makali ya herufi yanakufa. Nimezifanya upya kaseti zote kwa kilobiti 64. Nafasi ilikuwa ya nini? Kaseti nne za dakika 90 hazifiki MB 200.

Na birika nalo limepungua: baiti 8000 kwa sekunde, kwa hiyo robo sekunde tu. Hesabu zote za kurudi nyuma nimezizidisha mara mbili.

Jumanne, 22 Julai

Nimerudi kwenye mwendo, maana takwa la nne bado liko ukutani.

Kupunguza mwendo bila kushusha sauti si jambo la kubadilisha kasi ya sampuli. Unaikata sauti vipande vidogo vya milisekunde chache, kisha unaviunga tena vikipandana zaidi au kidogo kuliko vilivyokuwa. Ni kazi ya msusi wa ukili: miaa mipya inapachikwa juu ya ile inayokwisha, na fundi mzuri anatafuta pa kupachika pasionekane. Katika sauti, kutafuta pa kupachika ni kulinganisha mawimbi mpaka mgongo wa moja ulale juu ya mgongo wa jingine. Verhelst na Roelands wa Brussels waliieleza njia moja ya kufanya hivyo mwaka 1993, inaitwa WSOLA, na ni jamii hiyo ya njia inayofanya kazi ndani ya programu nyingi za leo.

VS1053 yangu haina kitu hiki ndani yake kama ilivyotoka kiwandani. Nduguye, VS1063, anacho: ana rejista ya mwendo ambayo 16384 ni kawaida, ukishusha namba anapunguza bila kuigeuza sauti, na hata biti ya kusitisha anayo. Ningeijua mapema ningeagiza hiyo. Lakini sasa ninayo hii mezani na boti si bure.

Nikatafuta mlango wa nyuma. Kazi ya kusuka si lazima ifanywe na kinanda. Ifanye kompyuta, mara moja. Nimeyapitisha mafaili yote kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwa chombo chake cha kubadili tempo, nikatoa nakala ya asilimia 80. Kadi sasa ina kila kaseti mara mbili. Kitufe cha polepole hakigusi chipu hata kidogo, kinabadilisha faili tu. Na kwa sababu mafaili yote mawili ni ya kilobiti 64 zisizobadilika na nimeondoa lebo za mwanzoni, kujua pa kuingilia ni kuzidisha: baiti ya 400,000 kwenye faili la kawaida ni baiti ya 500,000 kwenye la polepole. Tano juu ya nne. Kurudi, nne juu ya tano. Hakuna jedwali, hakuna alama za wakati.

Nakiri nimejipigia makofi mwenyewe dukani.

Ijumaa, 25 Julai

Hitilafu mpya. Shangazi anasema mara mojamoja Babu “anagugumiza”: anasema neno, analisema tena hapohapo, kisha anarudi nyuma. Haikunitokea mimi hata mara moja kwa sababu mimi nakanyaga kwa adabu. Yeye ameshazoea, anadonoa pedali kwa kidole gumba cha mguu, juu-chini, chini ya robo sekunde. Birika halijawahi kukauka! Mimi naruka nyuma kwenye faili na kurudisha sauti, na maji ya zamani bado yamo ndani, yanatoka kwanza.

Dawa ipo kwenye maelezo ya chipu yenyewe. Ukitaka kulikatiza faili, unaweka biti ya SM_CANCEL kwenye rejista ya MODE, unaendelea kusukuma data ukiitazama biti hiyo kila baiti 32. Ikijifuta yenyewe, chipu imekubali. Kisha unasoma baiti ya kujazia kutoka 0x1E06 na kuisukuma mara 2052, birika lote linasafishika. Biti ikigoma kujifuta hata baada ya baiti 2048, unaiwasha chipu upya. Kwangu haijagoma.

Sasa kodi inatazama saa: kama mguu ulikuwa juu kwa zaidi ya milisekunde 300, birika limekauka, endelea tu. Chini ya hapo, katiza na safisha. Nimeidonoa kama kuku kwa dakika tano, haikugugumiza.

Jumapili, 27 Julai

Leo ndiyo siku ya kile kitufe cha polepole, na sikuitegemea imalizike ilivyomalizika.

Alikuwa kwenye kipande hiki: *mkononi ana kaa*. Mizani 8, sawa. Lakini kaa gani? Kwa Kiamu, kaa la moto halina pumzi, kaa wa pwani ana pumzi: ukiweka kiganja mbele ya mdomo unaisikia. Kwa Shangazi ni maneno mawili, na kwenye daftari lake *k* ya pumzi ina alama yake. Kwa mkono wa kawaida angeandika na kupita. Akabonyeza polepole, ndiyo kazi yake. Akasema: kaa wa pwani. Akarudia: kaa wa pwani. Akaandika, akaweka alama. Halafu akasoma beti nzima kwa sauti, na beti haina pwani wala maji, ina mtu anayeapa mbele ya watu.

Akatoa polepole, akasikiliza kwa mwendo wa kawaida. Kaa la moto.

Nilikwenda na faili lile nyumbani nikalifungua nione mawimbi. Mlipuko wa *k* ni mfupi mno kuliko kipande cha kusukia. Programu ilipotafuta pa kupachika, iliukuta mlipuko huo ndani ya vipande viwili vilivyopandana, ikaucheza mara mbili: *k* ndogo, na *k* nyingine nyuma yake kama pumzi. Irabu zimenyooka vizuri, huwezi kuona ukili ulipoungwa. Konsonanti ndiyo iliyodanganya. Na kosa hili haliji kila mahali, linategemea mlipuko umeangukia wapi, na hilo ndilo linaloogopesha: vipande kumi ni sawa, cha kumi na moja kimekugeuzia moto kuwa kaa wa pwani.

Nimejaribu kubadilisha ukubwa wa vipande. Vidogo zaidi, *k* inatengemaa na irabu zinatetemeka. Mtu mwenye kompyuta kubwa na subira angeweza kuifundisha programu iikwepe milipuko. Nimemwambia Shangazi nitashughulikia.

“Usishughulike,” akasema. Kitufe cha polepole alikuwa ameshakibandika plasta, ile ya kidonda. “Mimi sikutaka aende polepole. Nilitaka anirudilie.”

Nimefuta takwa la nne ukutani. Nimeliacha faili la polepole kwenye kadi, na plasta mahali pake.

Jumatano, 30 Julai

Swichi ya pedali imeanza kushika kutu, wiki mbili tu. Ukumbi wake unatazama bahari. Nimeweka nyingine iliyofungwa mpira, na za akiba mbili.

Ijumaa, 1 Agosti

Kaseti ya tatu. Upande wa A Babu ana sauti ya kijana na anakimbia. Shangazi anakumbuka: betri za redio zilikuwa zimechoka siku ile na duka lilikuwa limefungwa kwa sala. Mashine iliyorekodi ikizunguka polepole, kaseti ikichezwa kwa mwendo sahihi kila kitu kinapanda, mwendo na sauti pamoja. Kusuka hakusaidii hapa, kungepunguza mwendo na kumwacha na sauti ya kijana.

AUDATA. Mstari ule niliofuta tarehe 12. Kosa la betri na kosa la kasi ya sampuli ni kosa moja, kwa hiyo linafutwa na kitu kimoja. Nimeweka kirungu cha kuzungusha upande wa kisanduku, kila hatua inashusha kasi kidogo, na nimemwachia yeye azungushe kwa sababu ndiye anayeijua ile sauti. Alisimama kwenye 20,726, asilimia 94, akasema hapa. Kiwango hicho kinahifadhiwa kwenye kadi pamoja na jina la kaseti, na kodi inaiandika AUDATA upya kila baada ya kuruka, maana chipu ikianza faili hujipangia kasi yake yenyewe.

Karibu na mwisho wa upande betri zinazidi kufa na 94 haitoshi. Nimemwonyesha anavyoweza kuzungusha huku mguu uko kwenye pedali. Amefika beti ya 63. Jumatatu namletea daftari la pili, na redio ya fundi wa Langoni bado sijaigusa.